Betri Ikifa Taa Huwaka: Dereva Asikimbilie Kuzizima

Asubuhi moja ya mwezi wa Februari, jua likiwa limekwisha kuanza kuchoma mabati ya soko la Custom mjini Juba, gari moja la askari liliingia katika gereji iliyo kando ya barabara. Lilikuwa Land Cruiser, lile pikapu la kazi lenye injini ya dizeli ya 1HZ, ambalo askari wa Afrika Mashariki wanalijua kama wanavyojua viatu vyao. Usiku wa kuamkia siku hiyo betri yake ilikuwa imekufa kabisa, na alfajiri askari sita walilisukuma mpaka injini ikashika. Sasa injini ilinguruma bila kasoro, lakini kwenye dashibodi taa tatu zilikuwa zikiwaka kwa pamoja: taa ya chaji, taa ya breki na taa ya chujio la dizeli.

Dereva wake, sajini mtu mzima mwenye miaka mingi kwenye usukani, alikuwa na haraka. Saa tatu alitakiwa kuondoka kwenda Nimule, mpakani mwa Uganda, na haja yake ilikuwa moja tu.

"Fundi, nizimie taa hizi," alisema. "Mkubwa akiziona hataniruhusu kutoka."

Akaongeza kwamba dawa anaijua, kwa kuwa amekwisha kuelezwa na mwenzake: kufungua kichwa kimoja cha betri kwa muda wa dakika kumi, ili kompyuta ya gari isahau.

Fundi, kijana aliyetoka Uganda, mwenye kuchanganya Kiswahili na Kiarabu cha Juba kwa desturi ya mji ule, alitabasamu. "Afande, injini hii haina kompyuta. Nani atakayesahau?" Akachukua mita yake, akaigusisha kwenye vichwa vya betri huku injini ikiendelea kunguruma. Mita ilionyesha volti 11.9. "Altaneta imelala," akasema. "Mchana labda utafika Nimule. Lakini ukizima injini njiani hutaiwasha tena, na giza likiingia huna taa."

Mwandishi wa makala haya alikuwa amefika gerejini hapo kwa shughuli nyingine, na maneno hayo ya fundi ndiyo yaliyomfanya avute kiti na kukaa. Barabara ya Juba hadi Nimule ni lami ya kilomita 192, iliyofunguliwa mwaka 2012, nayo ndiyo njia kuu ya chakula, mafuta na sehemu kubwa ya bidhaa zinazouzwa Juba. Ni njia njema kwa gurudumu, lakini si kila siku imekuwa njema kwa msafiri. Mwezi wa Agosti 2021 watu wenye silaha walilishambulia basi katika njia hiyo, na miongoni mwa waliouawa walikuwamo watawa wawili wa Kikatoliki. Askari ye yote anaelewa maana ya gari kuzimika mahali kama pale saa kumi na mbili za jioni. Kwa hiyo suala la taa tatu za dashibodi halikuwa suala la urembo wa gari.

TAA YA CHAJI INASEMA NINI

Madereva wengi hudhani kwamba taa ya chaji inapima betri. Sivyo. Katika magari mengi ya zamani taa hiyo imefungwa kati ya betri na altaneta, upande mmoja ukipata umeme wa betri na upande wa pili umeme wa altaneta. Ni kama kamba inayovutwa na timu mbili. Timu zikiwa na nguvu sawa, kamba haiendi ko kote. Ufunguo ukiwashwa na injini ikiwa bado imesimama, upande wa betri tu ndio wenye nguvu, basi umeme hupita katika taa na taa huwaka. Injini ikishika na altaneta ikaamka, volti za pande mbili hulingana, umeme haupiti, na taa huzimika yenyewe. Ndiyo sababu taa ya chaji inayowaka wakati injini inanguruma haina maana nyingine ila moja: altaneta haitimizi kazi yake. Huenda mkanda unaoizungusha umelegea au umekatika. Huenda fyuzi imeungua au waya umeachia. Na mara nyingi, kwa magari yaliyokwisha kutembea sana katika vumbi, kaboni zake za ndani zimelika hadi mwisho.

Na zile taa nyingine mbili? Hapa ndipo madereva wengi wanapopotea. Katika Land Cruiser nyingi za namna hii, taa ya breki na taa ya chujio zimeungwa na njia ya taa ya chaji, kusudi ziwake kwa majaribio kabla injini haijashika, na dereva apate kuona kuwa ni nzima. Altaneta ikifa, majaribio hayo hayamaliziki. Taa zinabaki zimewaka kana kwamba injini bado imesimama. Dereva asiyejua siri hii atafungua chujio kutafuta maji, atajaza mafuta ya breki yasiyohitajiwa, na mwisho atamlaumu aliyemwuzia dizeli, ilhali ugonjwa wote uko kwenye vipande viwili vya kaboni visivyozidi ukubwa wa kifundo cha kidole.

Hata hivyo haifai mtu aone taa tatu kisha aseme moja kwa moja kwamba ni altaneta. Sajini wetu alikuwa amefanya jambo moja la busara kabla ya kufika: alikagua chupa ya mafuta ya breki, akahakikisha pia kuwa breki ya mkono imeshushwa. Yapasa iwe hivyo kila mara. Taa ya breki inayowaka peke yake, bila ile ya chaji, haina mzaha hata kidogo, na dizeli yenye maji nayo si jambo geni katika mji ambao mafuta huuzwa kandokando ya barabara kwa chupa.

Liko pia jambo la taa ya mkanda wa taimingi, ambayo magari haya yanayo na ambayo huwatisha sana vijana. Hiyo haiwashwi na betri wala na joto. Huwashwa na hesabu ya kilomita. Gari likifikisha kilomita 100,000, au 150,000 kwa magari ya masoko mengine, taa huwaka kumkumbusha dereva kwamba mkanda umefika wakati wake wa kubadilishwa. Mkanda ukikatika katika injini hii, valvu hugongana na pistoni, na gharama yake si ya gereji ya kando ya barabara tena. Wako mafundi wanaoizima taa hiyo bila kugusa mkanda. Mimi ningemshtaki fundi wa namna hiyo.

GARI LENYE KOMPYUTA

Altaneta ilipokuwa mezani ikifunguliwa, likaingia gari la pili, Prado ya ofisi iliyowekewa betri mpya siku iliyotangulia. Dereva wake naye alikuwa na shida ile ile kwa sura nyingine. Betri ya zamani ilikufa, ikabustiwa mara mbili, ikafa tena, ikabadilishwa. Sasa gari linawaka kwa nusu ya mzunguko wa ufunguo, lakini dashibodi imejaa taa za manjano pamoja na moja nyekundu: ya injini, ya breki za ABS, ya kuzuia kuteleza, na ya mifuko ya hewa. "Betri ni mpya kabisa," alilalamika. "Hizi taa zinataka nini?"

Magari ya namna hii yana kompyuta ndogo nyingi: iko ya injini, iko ya breki, iko ya mifuko ya hewa, mengine yana ya usukani. Kompyuta hizo huwasiliana kwa waya kama vituo vya redio vya kikosi kimoja. Betri nzima iliyotulia hutoa volti 12.6 hivi, ikionyesha 12.2 imebaki nusu. Ikishuka chini ya 12 yafaa ihesabiwe kuwa imekwisha. Sasa mtu akipiga stata kwa betri dhaifu, volti huweza kuanguka hata chini ya tisa. Kompyuta moja huzimika, nyingine hubaki macho. Ile iliyobaki macho humwita mwenzake, hajibiwi, nayo huandika katika kumbukumbu yake kwamba mwenzake hayupo hewani. Nyingine huandika kwamba umeme ni mdogo mno kwa kazi yake. Maandishi ya namna hiyo huwasha taa, na taa haizimiki kwa sababu tu betri mpya imefungwa, maana kilichoandikwa bado kimeandikwa.

Kwa hiyo taa nyingi zinazowaka baada ya betri kufa ni taa za njaa, si taa za ugonjwa. Lakini neno "nyingi" si sawa na neno "zote".

Jambo la kwanza alilofanya fundi halikuwa kuzigusa taa. Alipima betri mpya injini ikiwa imezimwa, kisha akapima injini ikiwa inanguruma. Mita ilionyesha volti 14.2, nayo ni dalili njema. Gari lenye afya huonyesha kati ya 13.8 na 14.5 hivi. Kisha akavishika vichwa vya betri kwa mkono na kuvizungusha. Kimoja kilicheza. Alikifungua, akakwangua ule unga mweupe wa chumvi, akakifunga sawasawa. Kichwa kilicholegea humfanyia dereva yale yale ya betri iliyokufa, tena kwa vipindi, kila gari linaporuka shimo. Na mitaa ya Juba isiyo na lami haina uhaba wa mashimo. Kuzima taa kabla ya kurekebisha jambo hilo ni kazi bure, kwani zitawaka tena jioni.

Baada ya hapo yako mambo ambayo dereva mwenyewe aweza kuyafanya bila mashine yo yote. Kipimo cha usukani, kile kinachoijulisha kompyuta ni upande gani magurudumu yametazama, mara nyingi hupoteza hesabu yake betri inapofunguliwa. Katika magari mengi hutosha kuwasha injini, kuzungusha usukani mpaka mwisho wa kushoto, kisha mpaka mwisho wa kulia, kuurudisha katikati, na kuendesha gari kwa njia iliyonyooka kwa dakika chache. Taa ya kuzuia kuteleza huzimika yenyewe. Hali kadhalika vioo vya umeme vilivyosahau kupanda vyenyewe hurudiwa na akili kwa kuvishusha hadi chini na kuvipandisha hadi juu, na kuendelea kuibonyeza swichi kwa muda mfupi.

Taa ya injini ina tabia ya ukaidi kidogo. Kwa utaratibu wa magari mengi, kompyuta huizima yenyewe baada ya safari tatu mfululizo ambazo kosa lile halikuonekana tena, na hulifuta kosa lenyewe katika kumbukumbu baada ya injini kupata moto na kupoa mara arobaini bila kosa kurudi. Kwa hiyo dereva ambaye gari lake linakwenda vizuri, betri ikiwa nzima na chaji ikiwa sawa, aweza kungoja siku mbili tatu kabla ya kutoa fedha. Lakini taa ya injini inayomweka, yaani inayowaka na kuzimika kama taa ya kugeuka, isingojewe hata saa moja. Hiyo yasema kwamba mafuta hayaungui sawasawa na bomba la moshi linaharibika.

Taa ya mifuko ya hewa ni ya namna yake. Katika magari mengi haizimiki yenyewe, huhitaji mashine. Na hapa hapana ruhusa ya kubahatisha. Mfuko wa hewa hufumuka kwa baruti ndogo inayowashwa na umeme, nao hufanya hivyo kwa nguvu ya kumvunja mtu uso akiwa ameinama juu ya usukani na taa ya majaribio mkononi. Waya zake kwa kawaida huvishwa rangi ya manjano ili zitambulike. Kiwanda cha Toyota huagiza kwamba baada ya kufungua betri mtu angoje angalau sekunde 90 kabla ya kugusa sehemu hizo, kwa sababu umeme uliohifadhiwa ndani huendelea kuwapo kwa muda. Askari aliyefundishwa kushughulikia kiwashio cha baruti hahitaji maelezo zaidi.

MASHINE ILISOMA MAKOSA SABA

Fundi alichomeka mashine yake katika lile tundu la pini 16 lililo chini ya dashibodi, upande wa dereva. Tundu hilo lilifanywa kuwa la lazima Marekani kwa magari ya mwaka 1996 na kuendelea. Ulaya ilifuata kwa magari ya petroli mwaka 2001 na ya dizeli baadaye kidogo. Magari ya zamani yaliyotengenezwa kwa soko la Japani, ambayo yamejaa katika miji yetu, huweza kuwa na tundu hilo hilo na bado yasielewane na kila mashine, na dereva asidhani ametapeliwa fundi anapomwambia hivyo.

Makosa saba yalitokea. Fundi hakuyafuta. Alichukua kalamu, akayaandika yote kwenye karatasi, namba kwa namba. Nilipomwuliza kwa nini anapoteza wino, alinitazama kama mtu anayeulizwa kwa nini anavaa viatu. Sita kati ya hayo yalihusu umeme mdogo na kompyuta zilizokosa kusikilizana. La saba lilitaja kipimo cha mwendo cha gurudumu la mbele upande wa kushoto.

Kisha akayafuta yote, dashibodi ikawa safi, dereva akapiga makofi. Fundi akamwomba waende pamoja mpaka njia panda na kurudi. Kabla hawajamaliza mita mia mbili, taa ya ABS na ile ya kuzuia kuteleza zilikuwa zimewaka tena. Waliporudi na kuligenua gari kwa jeki, waya mwembamba wa kipimo cha gurudumu lile ulionekana umechubuliwa na jiwe hadi shaba ikawa nje. Jeraha lile halikuletwa na betri. Lilikuwa na siku zake. Laiti dereva angekuja na dashibodi iliyojaa taa, akaambiwa "ni mambo ya betri tu, zitazimika," angeondoka na gari ambalo breki zake za ABS hazifanyi kazi.

Yafaa ieleweke barabara: ABS ikifa, breki za kawaida zingalipo. Gari litasimama. Lakini dereva akikanyaga kwa nguvu juu ya tope au changarawe, magurudumu yatajifunga na usukani hautamsikiliza. Na iwapo taa ya ABS ya manjano na taa nyekundu ya breki zimewaka kwa pamoja, basi gari lisimamishwe, kwani huenda hata ule mgawanyo wa nguvu za breki baina ya mbele na nyuma umepotea.

Sasa turejee ile dawa ya sajini, ya kufungua kichwa cha betri ili kompyuta isahau. Katika baadhi ya magari hufuta kweli taa ya injini. Lakini hufuta pamoja nayo ule waraka mdogo ambao kompyuta iliuandika dakika ile kosa lilipotokea: injini ilikuwa na moto kiasi gani, ilizunguka kwa kasi gani, gari lilikuwa mwendo upi. Msomaji polisi ataelewa upesi. Ni sawa na kuosha sakafu ya nyumba iliyovunjwa kabla mpelelezi hajafika. Kosa la kweli litarudi, ila safari hii litarudi bila ushahidi, na pengine mbali na mji. Tena kuna kundi jingine, baya zaidi, la wale wanaofungua kichwa cha betri wakati injini inanguruma, ati wanaipima altaneta. Desturi hiyo ilivumilika katika magari ya babu zetu. Katika gari la leo volti huruka juu ghafula na zaweza kuunguza kompyuta na altaneta kwa mkupuo mmoja. Mita ya bei ndogo inatoa jibu lile lile bila hasara.

BETRI HUFA KWA NINI

Watu husema kwamba baridi ndiyo adui wa betri. Hiyo ni habari ya Ulaya. Huku kwetu betri huuawa na jua. Mwezi wa Machi 2024 serikali ya Sudan Kusini ilifunga shule kwa sababu ya joto lililotabiriwa kufika digrii 45. Na Februari 2025 ikazifunga tena kwa wiki mbili baada ya wanafunzi kuzimia mjini Juba. Katika joto la namna hiyo, chini ya boneti ya gari lililosimama juani, maji ya betri hukauka na sahani za risasi huoza kabla ya wakati. Mafundi wana kanuni yao kwamba kila digrii kumi za joto la ziada hupunguza maisha ya betri kwa nusu. Betri yenye vifuniko yapasa ifunguliwe mara kwa mara, na sahani zikionekana juu ya maji ziongezewe maji safi ya betri, si maji ya bomba wala tindikali.

Adui wa pili ni sisi wenyewe. Gari la doria huegeshwa, injini huzimwa, redio huachwa ikisikiliza, na simu nne huchomekwa zichajiwe, kwa sababu kituo hakina umeme. Tufanye hesabu. Mathalani vyote hivyo vile nusu ampea tu. Kwa siku tatu, yaani saa 72, vimekula saa-ampea 36, nayo ni zaidi kidogo ya nusu ya betri ya saa-ampea 70. Betri ya kuwashia gari haikuumbwa kwa kazi hiyo. Ikishushwa hadi nusu mara kwa mara, chumvi hugandamana kwenye sahani zake na haipokei chaji sawasawa tena. Wala kulisukuma gari na kulizungusha kambini kwa dakika kumi hakurudishi kilicholiwa; huhitajika saa kadhaa za mwendo, au chaja ya usiku kucha. Na gari la gia za otomatiki halisukumwi kabisa likawaka, hata wangekuja askari wa kombania nzima.

Jambo la kubusti nalo ningependa kulisemea, maana ndilo linaloleta hasara kubwa katika kambi zetu. Malori mengi ya jeshi, kama Ural na KamAZ, hutumia volti 24, yaani betri mbili za volti 12 zilizofungwa kwa mfuatano. Gari dogo hutumia volti 12. Dereva akilileta lori karibu, akafunga waya bila kufikiri, amelipelekea gari dogo umeme mara mbili ya kipimo chake. Siku hiyo hatauliza habari ya kuzima taa za dashibodi, kwani huenda hazitawaka tena. Gari dogo lisaidiwe na gari dogo. Waya wa chanya ufungwe kwanza kwenye betri iliyokufa, kisha kwenye betri nzima. Waya wa hasi ufungwe kwenye betri nzima, na ncha yake ya mwisho ikamate chuma kitupu cha injini ya gari bovu, mbali na betri. Betri inayochajiwa hutoa gesi ya haidrojeni, na cheche moja karibu nayo hutosha kuipasua na kumwagia mtu tindikali machoni.

TAA ISIYOWAKA

Fundi alitueleza neno moja ambalo askari wa usalama barabarani wangefaa kulichukua. Wauzaji wengine wa magari yaliyotumika, wakishindwa kutibu kosa, huondoa balbu ya taa husika au huibandika utepe mweusi nyuma ya dashibodi. Mnunuzi huona dashibodi safi, akafurahi. Werevu wa namna hii hujulikana kwa jambo jepesi. Ufunguo ukizungushwa hatua ya pili, kabla ya stata, taa zote za onyo hupaswa kuwaka pamoja kwa sekunde chache: chaji, mafuta ya injini, breki, injini, ABS, mifuko ya hewa. Injini ikishika, zinazimika moja baada ya nyingine. Taa ambayo haikuwaka kabisa mwanzoni ndiyo ya kutiliwa shaka kuliko ile inayowaka. Ukaguzi huo hauhitaji chombo cho chote, wala hauzidi nusu dakika kwa gari moja.

Ilipokaribia saa nne altaneta ya Land Cruiser ilikuwa imerudi mahali pake, ikiwa na kaboni mpya. Ile betri iliyokufa usiku ilikuwa imekaa kwenye chaja muda wote huo, lakini fundi hakuiamini. Alimwazima sajini nyingine kwa sharti la kuirudisha kesho yake. Sajini akazungusha ufunguo. Taa tatu ziliwaka kama ilivyo desturi. Injini ikashika, na zote tatu zikazimika pamoja, bila mtu kuzigusa. Mita ilionyesha 14.1.

Simu yake iliita. Alikuwa mkubwa wake, akiuliza kwa nini gari halijaondoka. Sajini alisimama wima, akajibu kwa maneno machache kwamba lilikuwa haliko tayari, na kwamba sasa liko tayari, afande. Kisha akachukua kitabu cha safari cha gari kutoka chini ya kiti, akaandika tarehe, kilomita, "kaboni za altaneta mpya," na volti alizoziona kwenye mita. Prado ilikuwa bado juu ya jeki, dereva wake akiwa amekwenda Konyo Konyo kutafuta waya. Land Cruiser likatoka gerejini kuelekea darajani.